Fedha Kutoka Nchi za Nje na Makato Yasiyoonekana

Chama kinapouza kahawa moja kwa moja kwa mnunuzi wa nchi za nje, mara nyingi fedha zinazoingia benki huwa pungufu ya zile zilizoandikwa katika ankara. Yafaa kila katibu azielewe sababu zake, maana upungufu huo ni jasho la mkulima.

Mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa nchini Ubelgiji mwaka 1973, hupeleka maagizo ya malipo tu. Fedha zenyewe huhamishwa kutoka akaunti hadi akaunti, aghalabu kwa kupitia benki wakala, na kila moja yaweza kukata ada yake. Agizo lisipotiwa alama OUR, yaani mlipaji abebe gharama zote, makato hayo humwangukia mpokeaji.

Hasara kubwa zaidi hujificha katika bei ya kubadilishia fedha. Chukulia kwamba chama kinatarajia dola 10,000. Benki wakala ikikata dola 40, zitabaki 9,960. Benki ya chama ikinunua kila dola kwa shilingi 50 chini ya bei ya soko, zitapotea shilingi 498,000, wala stakabadhi haitazitaja kuwa ni ada.

Kwa hiyo, kabla ya mkataba kutiwa sahihi, katibu na aiulize benki kwa maandishi: ada ni kiasi gani, dola itanunuliwa kwa bei gani, na fedha zitapitia benki zipi. Jina na namba ya akaunti vihakikiwe, kwani kosa dogo laweza kuzirudisha fedha zilikotoka zikiwa zimekwisha kukatwa. Kisha makato yote yasomwe mbele ya mkutano wa wanachama. Mali bila daftari hupotea bila habari.