Chakula Kipi Kinachoufaa Mwili wa Mtu?

Katika chuo chetu cha ualimu vijana hutoka pande nyingi. Wako waliolelewa kwa maziwa katika nchi za mbuga, wako waliolelewa kwa ndizi milimani, na wako wa pwani, ambao wali usio na samaki wala nazi hawauhesabu kuwa chakula. Jioni, wakiisha kula, mabishano huanza. Kijana wa mbugani husema kwamba nguvu za mtu zimo katika ng'ombe, na ya kuwa majani ni chakula cha mbuzi. Mwenziwe wa milimani humjibu kwamba babu yake aliishi hata akasahau majina ya wajukuu zake kwa wingi wao, naye nyama aliila siku ya arusi na siku ya matanga tu.

Zamani sisi walimu tulikuwa tukicheka na kwenda zetu kulala. Siku hizi hatucheki sana, kwa maana tumeona kwamba mabishano hayo hayo hufanywa na wajuzi wa Ulaya na Marekani, kwa vitabu vinene na kwa hasira kupita ya vijana wetu. Wako wanaofundisha kwamba mwili wa mtu uliumbwa kwa nyama na mafuta, na ya kuwa nafaka ndiyo iliyoleta maradhi. Wako wanaofundisha kinyume chake, kwamba mtu na aache kila chenye damu, ale nafaka, kunde na matunda. Tena kila kundi likitafuta shahidi, huwataja watu wa huku kwetu. Wa kwanza huwataja Wamasai. Wa pili huwataja wakulima wa Uganda. Basi, kwa kuwa mashahidi ni jirani zetu, yafaa tutazame ni kitu gani hasa kilichoonekana kwao.

Twaanza na Wamasai. Mwaka 1931 ilichapishwa taarifa ya waganga wawili. Mmoja ni John Boyd Orr wa Scotland, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wa pili ni John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya uganga katika Kenya. Walilinganisha Wamasai, ambao chakula chao wakati ule kilikuwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, na Wakikuyu, majirani wao, ambao walikula hasa nafaka, viazi na jamii ya kunde. Mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi Mkikuyu kimo kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23. Na nguvu za misuli zilipopimwa kwa chombo chake, zilizidi kwa nusu nzima. Wakikuyu walionekana kuwa na meno mabovu zaidi, upungufu wa damu, maradhi ya kifua na vidonda.

Msomaji wa haraka hufunga kitabu hapo na kwenda kununua ng'ombe. Walakini aendeleaye kusoma huona kwamba Wamasai nao walikuwa na yao: kufunga choo na maradhi ya viungo vilikuwa vingi kwao kuliko kwa Wakikuyu. Tena taarifa iliandika kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga ambayo wanaume wao hawakuyajali, na hali ya wanawake hao ilikuwa njema kuliko ya wanaume. Neno hili husahauliwa na kila atajaye taarifa ile, nasi twaona ndilo neno bora lililomo. Maana hapo hakuna ng'ombe aliyeongezwa. Liliongezwa fungu la mboga tu.

Na juu ya zile inchi tano tuna shaka yetu, shaka ya watu waliozoea kufundisha kilimo shuleni. Kimo cha mtu hakitoki chunguni peke yake. Hutoka pia kwa baba na mama. Ukilinganisha kabila la watu warefu na kabila la watu wafupi, kisha ukasema kwamba tofauti yote ni maziwa, umekuwa kama mtu aliyepanda mbegu mbili zisizofanana katika mashamba mawili yasiyofanana, kisha akasifu samadi. Orr mwenyewe alifanya jaribio lililo bora kuliko hilo huko kwao Scotland, kabla ya taarifa ile kutoka. Aliwapa baadhi ya watoto wa shule maziwa kila siku, akawalinganisha na wenzao wasiopewa, nao walikua upesi zaidi. Hapo mbegu ilikuwa moja, na samadi ilistahili sifa yake.

Baada ya miaka thelathini hivi alikuja mganga wa Kimarekani, George Mann. Wakati ule huko kwao ilikuwa ikifundishwa kwamba mafuta ya wanyama huziba mishipa ya moyo. Ikiwa ndivyo, alifikiri, basi Wamasai wangekuwa wakianguka njiani. Mwaka 1964 alitoa habari za wanaume 400 wa Kimasai katika Tanganyika: ugonjwa wa moyo hakuuona ila kidogo sana, na mafuta katika damu yao yalikuwa machache. Wapenzi wa nyama walishangilia, na hata leo hawajanyamaza. Lakini Mann hakuishia hapo. Mwaka 1972 alitoa habari za miili ya Wamasai 50 waliokwisha kufa, ambayo mioyo yao ilifunguliwa ikatazamwa. Kumbe mafuta yalikuwamo katika kuta za mishipa, kama yalivyo kwa wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, hata damu ikapata njia ya kupita. Mann alidhani kwamba sababu ni mwendo, maana hao ni watu wanaofuata ng'ombe mchana kutwa kwa miguu. Basi mtu akaaye ofisini tangu asubuhi hata jioni, akila nyama ya kuchoma kila siku kwa kusema kwamba Wamasai hawaugui moyo, ameazima chakula chao na kuacha safari yao. Tena hakuna Mmasai aliyekula nyama kila siku. Maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula cha siku zote, na supu ya nyama ilitiwa magome na mizizi ya miti. Na leo Wamasai wengi wanakula ugali kama sisi.

Sasa tumwite shahidi wa pili. Denis Burkitt alikuwa mganga mpasuaji, mzaliwa wa Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946. Jina lake linajulikana kwa sababu ya kansa ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona mara chache sana maradhi ambayo Uingereza ni ya kila siku, kama kidole tumbo na kansa ya utumbo mpana. Mwenziwe, Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda miaka ipatayo 30, naye aliona vivyo hivyo juu ya moyo. Hata mwaka 1956 habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo zilikuwa jambo la kuandikwa katika jarida la waganga. Mwaka 1975 watu hao wawili walitoa kitabu. Shauri lao lilikuwa hili: wazungu wanaugua kwa sababu wamekiondolea chakula chao makapi. Unga mweupe na sukari nyeupe hupita kooni kwa urahisi na kuacha utumbo bila kazi. Bali mtu alaye nafaka pamoja na ganda lake, na maharage, na mboga, hupata nyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzisaga. Nyuzi hizo huvuta maji, hukifanya choo kuwa kingi na laini, na kulisha vijidudu vyema vikaavyo katika utumbo mpana.

Hapa pia twaweza kuuliza swali la mkulima. Je, watu wa Uganda hawakuugua, au hawakufika hospitali, au hawakuishi hata kufikia umri wa kuugua maradhi ya wazee? Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo shauri la Burkitt limedumu kuliko mashauri mengi. Mwaka 2019 wajuzi walikusanya matokeo ya tafiti 185 zilizowafuata watu kwa miaka mingi, pamoja na majaribio 58, wakaona kwamba vifo miongoni mwa walao nyuzi nyingi vilikuwa pungufu kwa 15 hadi 30 katika kila mia, wakilinganishwa na walao chache. Kwetu maana yake ni unga wa dona badala ya sembe, na maharage yasikose.

Lakini liko jambo ambalo wapenzi wa shauri hili hulipita mbio, nalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Trowell yule yule, kabla hajasifu chakula cha Uganda, alikuwa amekaa miaka mingi katika wodi za watoto wa Uganda. Humo alimwona mtoto wa miaka miwili aliyevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu na kunyonyoka, ngozi inabambuka, hachezi, hacheki, hataki hata kula. Ni ugonjwa tuuitao unyafuzi. Mwaka 1954 Trowell na wenziwe wawili walitoa kitabu kizima juu yake. Kabla yao, mwaka 1933, Cicely Williams alikuwa ameueleza huko Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, na mwaka 1935 akaandika jina lake la kienyeji, kwashiorkor. Wenyeji walikuwa wameuelewa kabla ya waganga: ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa.

Basi tazameni. Nchi ni ile ile, na matoke ni yale yale. Baba aliyeyala pamoja na maharage, karanga na mboga alikuwa na tumbo lisilojua kisu cha mpasuaji. Mwanawe, aliyeachishwa ziwa na kupewa matoke matupu, alikuwa akifa. Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Ndizi na mihogo hulijaza upesi kwa maji na wanga, kabla hajapata kitu cha kujenga nyama.

Hata hapo wajuzi walikimbilia neno moja. Kwa miaka mingi walisema dawa ni protini peke yake, na maziwa ya unga yakapelekwa kila mahali. Mwaka 1974 mganga Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba walikuwa wamekosea, kwa kuwa watoto wengi walikuwa na njaa ya chakula chote. Na mwaka 2013 zilitolewa habari za jozi 317 za mapacha wa Malawi. Katika jozi nyingi pacha mmoja alidhoofika na mwenziwe akabaki mzima, nao ni wa mama mmoja na chungu kimoja. Sehemu ya sababu ilionekana kuwa katika vijidudu vya matumbo yao.

Na watu wazima je? Huko Stanford, Marekani, watu 609 waliokuwa wanene waligawanywa kwa kura mafungu mawili. Fungu moja lilipunguza mafuta, la pili likapunguza wanga. Baada ya miezi 12, kwa habari zilizotolewa mwaka 2018, la kwanza lilikuwa limepungua kilo 5.3 na la pili kilo 6, tofauti isiyohesabika. Lakini wote walikuwa wameambiwa waache sukari na unga mweupe, na wale mboga kwa wingi. Wabishi wa pande zote mbili hawapendi kuitaja sehemu hiyo.

Tunaye jirani mmoja, mtu mwema na msomaji. Alisikia mjini kwamba vyakula vya wanyama huleta maradhi, akaacha nyama, na shinikizo la damu lake likashuka. Kwa furaha akawaamuru watu wa nyumbani wote wafuate. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, na wa pili, wa miaka miwili, alikuwa ameachishwa ziwa. Yai lake la asubuhi likaondolewa, na maziwa pia. Akabaki na uji mweupe wa sembe. Tulipokwenda kuwaamkia baada ya miezi michache, mtoto alikuwa amekaa mlangoni, miguu inameremeta kwa uvimbe, wala hakuinua macho mbuzi walipopita.

Alipelekwa hospitali, akapona. Tangu hapo uji wake ni wa unga wa dona na maharage yaliyosagwa, kwa maana mahindi yamepungukiwa na kitu kimoja cha protini, na kitu hicho maharage wanacho tele. Juu yake hutiwa kijiko cha dagaa waliotwangwa. Mchicha wake hupikwa kwa mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini iyafaayo macho haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta, na limau hukamuliwa juu ili mwili uyapate madini ya chuma yaliyomo katika majani. Yai limerudi, na maziwa yakipatikana. Baba yake hata leo hali nyama, naye yu mzima.