Jibwa na Inja: Ndugu Waliokutana Songea

Asubuhi mbele ya bucha hapa Songea, muuza nyama hasemi "ondoka, mbwa." Anafoka: "Toka, jibwa we!" Mnyama akiwa mdogo na amekondeana, huyo ni kijibwa. Ni neno la dharau, lakini lisikilize vizuri: ile m ya mbwa imekwenda wapi?

Imedondoka kwa kuwa haikuwa sehemu ya mzizi. Ni kiambishi cha ngeli, kama n inayotoweka ngoma ikiwa goma, na nguo ikiwa guo. Kinachobaki ni -bwa, silabi moja tu, ikaongezewa ji- kama kwenye jitu na joka. Hata sarufi humshusha mnyama: mbwa ni yule, jibwa mara nyingi ni lile, sawa na jiwe na jembe.

Hiyo -bwa ni kongwe mno. Waganda husema embwa, Wanyarwanda na Washona imbwa, wasemaji wa Kilingala mbwa. Wanaisimu wakizilinganisha hufika kwenye mzizi mmoja wa Kibantu cha kale, uliotamkwa kabla wahenga hawajatawanyika kutoka pande za mpaka wa Nigeria na Kameruni, miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Basi mbwa walikuwa nao tangu huko.

Kizulu huonekana kimeasi, maana mbwa ni inja. La hasha! Katika lugha hiyo, mb ikifuatwa na w midomo hulemewa na kazi. Ulimi hupanda kwenye kaakaa, na mb huwa nj. Kitenzi bamba, yaani kamata, katika kutendwa ni banjwa. Kwa njia hiyohiyo imbwa ikawa inja, na w ikamezwa.

Na inja ilifikaje Songea? Kwa Wangoni. Waliondoka kusini mwa Afrika miaka ya 1820, wakavuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba. Kufikia miaka ya 1860 walikuwa wameweka himaya za Njelu na Mshope huku kwetu. Walikuja na lugha ya ukoo wa Kizulu, lakini Kingoni cha leo kimeelemea zaidi lugha za wenyeji.

Mwenye babu au bibi anayekumbuka Kingoni cha zamani na akae naye, aandike maneno hayo daftarini mapema. Aanze na la mbwa.