Simu ya Mwalimu Yatosha Kuanzia Somo la Kiingereza

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya Serikali nchini husoma masomo mengi kwa Kiswahili. Afikapo Kidato cha Kwanza, karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Kinachomkwaza mara nyingi ni matamshi. Kiswahili hutamkwa kama kinavyoandikwa, ilhali maneno ya Kiingereza "cut" na "put" yana irabu moja kwa maandishi na mbili tofauti kwa sauti. Kitabu peke yake hakiwezi kumfikishia sikioni tofauti hiyo.

Hapa ndipo teknolojia inapofaa, hata pasipo chumba cha kompyuta. Vitabu vya kiada vipo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na BBC Learning English hutoa bure vipindi vya sauti pamoja na maandishi yake. Mwalimu apakue kipindi mahali penye mtandao, kisha akirushe darasani kwa simu yake na spika ndogo. Wanafunzi wasikilize kwanza, waandike walichosikia, ndipo walinganishe na maandishi. Wakianza na maandishi, watasoma badala ya kusikiliza. Dakika mbili zinazorudiwa mara tatu zinatosha. Rekodi hiyo hiyo itatumika hata katika mikondo mingine, bila kununua bando tena.