Usiulaumu upepo, tazama jiko la koridoni

Masika yakianza hapa Dar es Salaam, mafua nayo yanaanza, na kila mama mwenye mtoto anayekohoa utamsikia akiulaumu upepo. Eti mtoto kapigwa na baridi. Sawa, lakini leo naomba tulizungumzie lile jiko la mkaa ambalo mvua ikinyesha linahamia koridoni.

Nyumba zetu za kupanga mnazijua. Vyumba sita, majiko sita, kila mpangaji anapepea lake, na wapo wanaowashia mifuko ya plastiki! Moshi unapanda hadi darini, unashuka tena kutafuta pa kutokea. Na mtoto yuko mgongoni. Anavuta nini huyo?

Anavuta chembe ambazo zile mbaya zaidi hazizidi maikromita 2.5. Unywele wako mmoja unazishinda unene kama mara ishirini hivi. Vumbi kubwa linanaswa puani. Hizi zinapita mpaka kwenye vifuko vya hewa, ndani kabisa ya mapafu.

Sasa mapafu yana ulinzi wake, tena wa maana. Njia ya hewa imepakwa ute unaonata, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinapiga kasia usiku na mchana kuusukuma ute huo hadi kooni, ukohoe au umeze. Kirusi kikinaswa humo, kwisha habari yake. Kinachopenya kinakutana na askari wa doria, seli kubwa zinazomeza kila kigeni. Na seli iliyovamiwa haifi kimya: inatoa interferoni, kama mtu anayepiga yowe ili majirani wafunge milango.

Moshi unavuruga kote huko. Vinyweleo vinalegea, ute unazidi. Askari wa doria wanameza masizi mpaka wanavimbiwa; huko Malawi watafiti walizichunguza seli hizo kutoka kwa watu wazima wenye afya zao, wakazikuta zina masizi ndani, na ripoti ikatoka mwaka 2009. Mlinzi aliyeshiba namna hiyo atamkimbiza mwizi gani? Hata lile yowe, majaribio ya maabara yameonyesha kuwa moshi unaweza kulififisha.

Kirusi chenyewe mtoto kakipata kwa kaka yake aliyetoka shule, si kwenye jiko. Ila mafua ambayo yangeishia puani yanateremka kifuani. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Mwaka 2020, kwa makadirio yake, moshi huo uliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Najua mtaniambia gesi ni ghali. Kweli kabisa, mtungi ukiisha tarehe za katikati nani ana hela? Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lakini wa mgongoni hawezi kusubiri.

Basi jiko likae nje, chini ya upenu, na mtoto ashikwe na bibi. Msidanganyike na mkaa uliokolea ukaonekana hauna moshi, bado unatoa hewa ya sumu inayoua waliolala. Na ukimwona anapumua haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, acha habari za kumchua mafuta. Mpeleke hospitali usiku huohuo.