Fahamu: Kutafuta ndoa ya bibi yako wa Jambiani, Zanzibar

Anzia kwa wazee. Waulize jina la bibi, la baba yake na la babu yake, na alikotoka kijijini: upande wa Kibigija au wa Kikadini?

Nikaha husimama kwa walii, mashahidi wawili na mahari. Karatasi si sharti, ndiyo maana ndoa nyingine hazina hati. Hata hivyo, ulizia Mahakama ya Kadhi, kisha Nyaraka za Taifa, Kilimani. Katika hati za zamani tarehe huwa za Hijria: mwezi wa Mfungo Sita wa 1345 uliangukia Septemba na Oktoba 1926. Mwanamke huenda akaandikwa “binti fulani” tu, basi fuata jina la baba.

Usiyapite mafaili ya mirathi. Mjane ni mrithi, hivyo hutajwa humo hata kama ndoa yake haikuandikwa popote.