Maneno ya Kiingereza Yaanzayo kwa SN

Msemaji wa Kiswahili amezoea kwamba mwanzo wa neno una maana yake. Aonapo kitoto hujua kuwa ni mtoto mdogo, kwa sababu ki- huweza kutengwa na shina likabaki zima. Basi akutanapo na maneno ya Kiingereza kama sneeze, kupiga chafya, snore, kukoroma, sniff, kunusa, snout, pua ya nguruwe na wanyama wa namna yake, na snot, yaani kamasi, hushawishika kusema kwamba sn maana yake ni pua.

Lakini ukiondoa sn katika sneeze, kinachobaki si neno. Hapa hapana kiambishi. Pana maneno yaliyofanana sauti na maana hata yakawa kama ukoo mmoja. J. R. Firth, mtaalamu wa lugha wa Uingereza, aliliita fungu la sauti la namna hii fonesthimu mwaka 1930.

Na ukoo huu una nguvu ya kuvuta. Katika Kiingereza cha kale neno la chafya lilianza kwa fn. Matamshi hayo yalipoachwa, hatimaye neno likahamia kwa sn, na yamkini wenzake wa puani ndio waliolivuta.

Hata hivyo mfasiri asibahatishe. Snake ni nyoka, snow ni theluji, snail ni konokono, nayo hayahusiani na pua hata kidogo. Snare ni mtego wa kitanzi, na mwanafunzi alikisiaye kwa herufi mbili za kwanza huenda akaandika mkoromo mahali pa mtego.