Cinderella Apanda Bodaboda Kwenda Matema

Hadithi ya kale ikigeuzwa kichekesho, darasa linaamka. Ila angalia unamcheka nani!

“Hadithi hadithi!”

“Hadithi njoo!”

Hapo zamani za kale, pale Ipinda, alikuwepo binti anaitwa Cinderella. Mama wa kambo alimpepetesha mchele kutwa nzima, huku dada zake wawili wakipaka rangi kucha. Siku ya sherehe ya mtoto wa mfalme kule Matema, akatokea bibi mmoja wa Kikisi na chungu chake kutoka Ikombe. Akakipuliza, puu! Chungu kikawa bodaboda. “Saa sita usiku uwe umerudi,” bibi akaonya, “petroli yenyewe ya kuazima!”

Darasa la tano zima lilikuwa hoi. Msimuliaji alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka, anayefundisha Kiswahili wilayani Kyela. Mimi nilikuwa nimejibanza dawati la nyuma, mgeni wa siku moja.

Mara kijana mmoja, ambaye shemeji anasema huwa hafungui mdomo kabisa, akanyoosha mkono: “Mwalimu, kiatu cha kioo kwenye bodaboda? Si kitapasuka breki ya kwanza tu! Angevaa kandambili.”

Kicheko kinafundisha nini?

Kwa watoto wengi wa huku, Kinyakyusa ndiyo lugha ya nyumbani, na shuleni wanaogopa kukosea Kiswahili. Kwenye kichekesho hakuna anayeogopa kukosea. Tena, ili ucheke, lazima uijue hadithi ya mwanzo. Yule kijana wa kandambili alishaelewa wahusika, mandhari na mgogoro bila kukariri maana ya “fasihi simulizi”.

Na usidhani tunaharibu hadithi za watu. Mfaransa Charles Perrault ndiye aliyemvisha Cinderella kiatu cha kioo mwaka 1697. Ndugu wawili wa Kijerumani, akina Grimm, walipochapa ya kwao mwaka 1812, kiatu kikawa cha dhahabu. Halafu kuna Roald Dahl, ambaye kabla ya umaarufu alifanya kazi kampuni ya Shell hapa hapa Dar es Salaam, kuanzia 1938 hadi vita vilipoanza 1939. Kwenye kitabu chake cha mashairi ya kuchekesha cha 1982, Cinderella anamkataa mwana wa mfalme mkatili na kuolewa na mtengeneza jemu! Sisi nasi tuna Abunuwasi na sungura mjanja, ambaye ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, wanamwita Kalulu.

Aliyekuwa hacheki

Kipindi kilipoisha, binti mmoja alibaki. Muda wote alikuwa ameinamia daftari. “Mwalimu,” akasema taratibu, “mimi mama yangu wa kambo ndiye kaninunulia hili.”

Shemeji alinyamaza. Jioni, tukila samaki, aliniambia: “Shem, nimewachekesha wote kwa mgongo wa mtoto mmoja.”

Kesho yake akaanza upya. Safari hii mama wa kambo ndiye aliyeendesha bodaboda, kanga kiunoni, akipiga honi njia nzima: “Pisheni, namuwahisha mwanangu!” Darasa likacheka zaidi ya jana. Na yule binti? Alicheka mpaka akajifuta machozi.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Siku hizi wangapi wetu tunaoa au kuolewa na mtu mwenye mtoto tayari? Halafu mtoto huyo kalishwa hadithi zote ambazo wewe ndiye mchawi!

Jaribu nyumbani au darasani

• Simulia kwanza ile ya asili, ndipo uigeuze.

• Badilisha vitu wanavyovijua: usafiri, chakula, mahali.

• Mcheke mwenye nguvu na mwenye majivuno. Mlemavu, maskini na yatima waache.

• Tazama nani hacheki. Huyo ana hadithi yake.

• Acha mwisho wazi, watoto wamalizie. Wa Kyela waliamua mwana wa mfalme apepete mchele kwanza ndipo azungumzie ndoa. Wanaume mmesikia?

Haya, leo usiku zimeni tivii, weka simu pembeni, mwite mtoto, wako au wa mwenzi wako. Hadithi hadithi...